Alama Kwenye Fataki

Asubuhi ile wazee wa ndiva walipokuja kumpa Hezroni heshima, walimkuta nyuma ya banda la mbuzi akitapika.

"Pole, kijana," alisema mzee Naftali, mkubwa wao, akageuza uso pembeni kwa adabu. "Umekula nini?"

"Chai tu, baba."

"Chai haimtapishi mtu."

"Ilikuwa na sukari."

Wazee wakacheka. Miaka ile ya baada ya vita vya Hitla sukari ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na mtu wa kuitapika lazima awe amebarikiwa mno au amerogwa. Walimngoja afute mdomo, kisha Naftali akasema kilichowaleta. Jumapili kutakuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kuzoa tope ndani ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia. Tope likiisha, mtu mmoja atashuka bwawani kusimika kizibo ili maji yaanze kujaa. Safari hii wameona mtu huyo awe yeye.

Hezroni aliwatazama kana kwamba wamemsomea hukumu.

Kule Mnanka, kijiji kilichojibanza chini ya msitu wa Shengena, ndiva ndiyo iliyowalisha watu. Usiku maji ya mlimani hukusanyika humo. Asubuhi kizibo huchomolewa, na maji huteremka mifereji kwa mifereji hadi kwenye maharage na migomba ya kila mwenye zamu. Kwa desturi yao, kizibo cha baada ya msaragambo hakisimikwi na yeyote tu. Husimikwa na mtu ambaye mwaka ule mkono wake umewatendea wenzake mema, kwa sababu maji, walisema, huukumbuka mkono ulioyafunga.

"Mtafuteni mwingine," alisema Hezroni.

"Unyenyekevu nao una mwisho wake," alijibu Naftali. "Mkono ulioikataa bunduki ndio tunaoutaka."

Wakaondoka wakiongea na kucheka, fimbo zao zikigonga mawe ya njia. Hezroni akarudi nyuma ya banda, akainama tena, ingawa tumboni hakikubaki kitu.

Bunduki waliyoisema ilikuwa bastola, tena bastola kikongwe. Ofisa mmoja wa Kiingereza, alipohamishwa, alimwachia Mfumwa Melkizedeki, mtawala wa sehemu ile. Naye Mfumwa akamfungia Hezroni kiunoni siku alipomwajiri kuwa tarishi wa baraza. Hezroni alikuwa ametoka Burma, amerudi na medali na miguu yenye ukurutu usiopona. Akiwa na ule mfuko wa ngozi pajani alijiona bado ni mtu wa maana.

Ilikuwa bastola ya aina ambayo mpigaji hana haja ya kuiandaa kwanza. Anavuta kifyatulio tu, na kwa mvuto huo mmoja gurudumu la risasi linazunguka, nyundo ya nyuma inapanda yenyewe, halafu inaanguka na kuipiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Ndivyo ilivyotakiwa. Hii ya Mfumwa ilikuwa na mambo yake. Kifyatulio kilikuwa kizito kama kumvusha punda mtoni. Nyundo ilifika nusu ya safari, ikatetemeka kama mzee anayeinuka kitini, ikarudi kulala. Siku nyingine gurudumu lilisimama kabla tundu halijakabiliana na mtutu, ikabidi ulisukume kwa kidole kama mtu anayemwamsha mlevi. Mara ya kwanza Hezroni alipotumwa kufukuza nyani shambani kwa Mfumwa, alivuta mpaka mkono ukafa ganzi, na nyani mmoja dume akakaa juu ya kisiki akimtazama huku anamalizia hindi lake.

Watu wakaipa jina: Kikohozi. Hukwaruza kooni, walisema, na hakitoki kitu.

Basi Mfumwa akamtuma mjini Same atafute fundi. Hezroni alifuatana na shangazi yake Zipora, aliyekuwa akiteremsha maharage gulioni. Zipora ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika, na ulimi ambao haukumwogopa Mfumwa wala mchungaji. Kote vitani Hezroni alijua kwamba kila Sabato kuna mtu mmoja anayemtaja kwa Mungu kwa jina lake lote.

Karibu na stesheni ya reli palikuwa na Mzee Salimu, fundi wa baiskeli na cherehani, ambaye alipata kuwa askari katika vita vya kwanza na alizijua silaha kwa harufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlete huyo mgonjwa."

Salimu aliifungua, akachungulia ndani, akainusa, akatikisa kichwa. "Mwambie Mfumwa wako amzike huyu kwa heshima. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani, mimi ningali na meno yangu yote. Spea nimeulizia Moshi, nimeulizia Tanga, hakuna. Na zote, kila inayoletwa hapa, malalamiko ni hayo hayo. Springi inachoka, nyundo haipandi, gurudumu halifiki. Nyingine inatema cheche ubavuni ikamuunguza mwenyewe."

"Kwa hiyo haifai kabisa?"

"Inafaa ukiibembeleza. Usivute kikavu. Anza na kidole gumba: vuta nyundo nyuma mpaka uisikie imeshika. Ndipo uguse kifyatulio, tena kwa upole. Hapo itapiga. Lakini ukivuta kikavu kwa haraka zako, itakuaibisha mbele za watu."

Zipora, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake tupu, alipasuka kwa kicheko. "Kwa hiyo mwizi akija, mwanangu amwambie, ngoja ndugu yangu, nitafute kwanza kidole gumba?"

"Mwizi mwenye adabu atangoja, mama," alisema Salimu.

Hadithi hiyo ilipanda mlima pamoja na Zipora, na kabla ya Sabato kufika, Mnanka nzima ilikuwa nayo. Watoto wakicheza vita walianza na kidole gumba. Wanaume wakimwona Hezroni njiani waliinua vidole gumba kumsalimu. Hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Hezroni alicheka nao, lakini kicheko chao kilimkaa moyoni kama mchanga ndani ya kiatu. Burma alibeba bunduki iliyolia kila alipoitaka ilie, na hakuna mtu aliyemcheka. Alianza kutamani kitu ambacho hangethubutu kukitamka kanisani: kwamba siku moja, hata kama ni mara moja, wamwogope.

Ndipo alipokwenda kwa Aminieli, mhunzi wa ukoo wa Washana, ambao kazi yao ni chuma tangu mababu.

"Nitengenezee," alimwambia. "Ila usimwambie mtu."

"Mtu akipona hutangaza," alisema Aminieli. "Wewe mbona unaficha?"

"Nataka siku moja wacheke, halafu wanyamaze."

Aminieli aliipokea, akaipima uzito kiganjani. Maneno hayo hakuyapenda. Lakini mhunzi hawezi kuona chuma kilichowashinda wengine akakiacha kiende zake. Alichukua springi ya santuri iliyokufa, akaikata, akaipasha moto, akaikunja, akaichovya kwenye mafuta, akaijaribu, akaitoa, akaikunja upya. Ilipokuwa tayari waliteremka korongoni nyuma ya kiwanda chake. Hezroni alivuta kikavu, bila kidole gumba. Nyundo ikapanda yote, ikaanguka, bastola ikalia, na shina la mgomba likatoboka. Akavuta tena. Ikalia tena.

"Imepona!" alisema Hezroni. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Imeinuka kitandani," alisema Aminieli. "Kupona sijui. Chuma cha santuri ni laini, kitalegea."

Hezroni alikuwa ameshaanza kuondoka.

Mwaka ule mvua za vuli zilikatika mapema. Bwana Shamba alitaka watu wachimbe matuta kwenye miteremko yote ili udongo usiporomoke. Watu wa Mnanka walisema watachimba mvua zikirudi, maana kuupindua udongo mkavu ni kuuchoma. Mfumwa alitaka asifiwe na serikali, akatoa amri yake mwenyewe: bila matuta hakuna maji. Kizibo cha ndiva kisiguswe. Akamweka Hezroni ukingoni alinde.

Maharage yalikuwa yametoa maua, na maharage yenye maua hayangoji baraza. Asubuhi wanawake walikuja na majembe begani, wanaume wachache nyuma yao, na Zipora mbele ya wote.

"Shikamoo, shangazi," alisema Hezroni kwa mazoea, na watu wakacheka, maana ni lini mlinzi aliamkia mtu aliyewekwa kumzuia?

"Marahaba, baba. Umekunywa uji?"

"Bado."

"Basi tufungue maji upesi, ukanywe uji."

"Shangazi, rudi. Ni amri."

"Maharage hayamjui Mfumwa, mwanangu. Yanajua maji." Akaikunja kanga yake, akaingia bwawani, maji yakamfika magotini, akaanza kukiendea kizibo.

"Shangazi! Nitapiga!"

Zipora aligeuza shingo. "Na Kikohozi? Kinyweshe kwanza asali."

Kicheko kikalipuka pande zote za bwawa. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa kicheko cha watu waliomfuta kamasi akiwa mtoto, na ndiyo sababu kilimchoma. Akachomoa bastola. Wakacheka zaidi.

"Kidole gumba, Hezroni!" mtu alipaza sauti. "Usisahau kidole gumba!"

Zipora alikuwa ameshampa mgongo, ameinama, mikono juu ya kizibo. Hezroni akawaza: sasa watanyamaza. Akavuta kikavu.

Baadaye alijaribu sana kujiambia kwamba alilenga maji, au hewa iliyokuwa juu ya kichwa chake. Hakulenga maji wala hewa. Mbele ya mtutu palikuwa na mgongo wa Zipora, na kanga ile ile aliyomnunulia Mombasa siku meli ilipowashusha kutoka vitani. Nyundo ilipanda yote, laini, bila kutetemeka. Ikaanguka.

Ta!

Hapakufuata kitu kingine. Kicheko kilikatika. Walinyamaza wote, kama alivyotamani, na ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko kelele yoyote aliyopata kuisikia.

Zipora aligeuka polepole. Aliuona mtutu. Kwa muda wa kupepesa jicho uso wake ulikuwa kama siku walipomzika baba yake Hezroni. Halafu ukafunguka.

"Mmemwona?" akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Mmemwona mwanangu? Amevuta kikavu! Nani anayeijua hiyo bastola kama yeye? Angetaka kunipiga, si angeanza na kidole gumba? Amemtii Mfumwa kwa mkono, ametutii sisi kwa akili!"

Watu wakapiga vigelegele. Mtu akamshika Hezroni begani, mwingine akamvua kofia akaivaa mwenyewe, na kizibo kikachomolewa, na maji yakateremka yakinguruma. Hezroni alisimama katikati yao na bastola mkononi. Kinywa chake kilikuwa wazi. Alingoja kitoke kitu. Kikatoka kicheko.

Jioni Mfumwa alimwita. Alikuwa amekaa barazani peke yake, amevaa koti lake la kuendea bomani ingawa hapakuwa na safari.

"Naambiwa uliwachezea mchezo," alisema. "Naambiwa ulivuta ili isilie."

Hapo ndipo Hezroni angeweza kunyamaza. Lakini aliogopa kufukuzwa, aliogopa kurudisha mfuko wa ngozi, akasema ukweli mahali pasipostahili. "Si kweli, Mfumwa. Ilikuwa imetengenezwa. Nilivuta kweli."

"Kwa shangazi yako?"

"Ndiyo, Mfumwa."

Mfumwa Melkizedeki alifunga vifungo vya koti lake. Labda naye aliogopa, maana tangu siku ile hakuitaja tena amri ya maji, na Bwana Shamba alipouliza aliambiwa kuwa matuta yatachimbwa mvua zikirudi. Lakini jioni ile alinyoosha mkono chini ya kiti, akatoa mfuko wa karatasi uliojaa sukari nyeupe, akampa.

"Wewe ni askari," alisema.

Hezroni aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Hakujua pa kuipeleka. Kuitupa sukari hakuweza, kwa jinsi ilivyokuwa adimu, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Akaipeleka kwa mtu ambaye tangu utotoni alimpelekea kila kitu kizuri. Akampa Zipora.

Zipora aliita majirani. Alichemsha chai sufuria nzima, akaitia sukari bila kuibania, na watu wakanywa uani kwake kwa vikombe vya zamu, wakimsifu Hezroni kila funda. Alipewa kikombe cha kwanza. Alikunywa chote, kwa kuwa alikuwa akitazamwa.

Aminieli alikuwepo, lakini hakunywa. Watu walipotawanyika alimfuata Hezroni hadi njiani.

"Nionyeshe," alisema.

Hezroni alitoa bastola. Mhunzi akalifungua gurudumu, akazishusha risasi kiganjani, akazigeuza moja moja vitako juu. Kwenye fataki ya mojawapo palikuwa na alama: kitobwe kidogo, cha duara, kama tundu la ncha ya fimbo kwenye udongo mbichi. Zile nyingine zilikuwa laini.

"Kikohozi kile cha zamani kisingeweza kutia alama hii," alisema Aminieli polepole. "Hii ni springi yangu. Nyundo imepanda, imeanguka, imegonga. Ila imegonga kwa udhaifu." Alipitisha kidole juu ya ile alama. "Ukoo wangu wote haujapata kumshukuru Mungu kwa kazi mbovu. Mimi leo namshukuru. Na najionea aibu mara mbili: kwamba niliitengeneza, na kwamba sikujua kuitengeneza."

"Utawaambia?"

"Hapana. Si mkono wangu uliovuta." Akamrudishia risasi. "Lakini usinitake nicheke nao, Hezroni. Sitaweza."

Usiku mzima chai ile ilimkaa kifuani, na asubuhi wazee wa ndiva wakamkuta nyuma ya banda.

Siku zilizobaki hadi Jumapili Hezroni aliishi kama mwizi anayesifiwa na mwenye mali. Kila nyumba aliyopita aliitwa. Mama mmoja alimpa mkungu wa ndizi. Mtoto mchanga wa jirani aliitwa Hezroni. Kila mara alijiambia: nitasema kesho. Kisha akajiuliza, kwani kumeharibika nini? Maji yamefunguka, Zipora mzima, watu wanafurahi, ukweli utamlisha nani? Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na aliirudia mpaka ikakaribia kumtosha. Jambo moja tu lilimshinda. Alijiona akishuka bwawani mbele ya watu wote, akisimama pale pale alipoinama Zipora, akikishika kizibo kile kile. Kila alipojiona hivyo, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito.

Alfajiri ya Jumapili alikwenda barazani kwa Mfumwa, akaiweka bastola juu ya meza pamoja na mfuko wake wa ngozi, akaondoka kabla hajaulizwa. Ile risasi yenye alama aliitia kwenye mfuko wa shati.

Baragumu la msaragambo lililia, na mlima ukaitika. Watu walikuja na majembe, makarai na vikapu. Ndiva ilikuwa imekaushwa, tope lake jeusi liking'aa kama ngozi ya kiboko. Wanawake walileta vyungu vya makande, wakavifunika kwa majani ya mgomba kivulini. Kabla ya kazi, mzee Naftali alisimama ukingoni, akaomba, kisha akasema:

"Kizibo leo mnajua atakisimika nani."

Vigelegele. Zipora alitoka katikati ya wanawake akicheza, na kizibo mikononi, kigogo kizito kilichochongwa na babu zao. Alimfikia Hezroni, akamnyooshea. Alikuwa amevaa kanga ile ya Mombasa.

"Shika, baba."

Hezroni hakushika. "Shangazi," alisema, na sauti ikamtoka ndogo, "haikuwa mbovu siku ile."

"Nini haikuwa mbovu?"

"Bastola. Nilikuwa nimeitengenezesha. Sikuhitaji kidole gumba."

Watu wa karibu walinyamaza, wa mbali wakauliza wamesema nini, wakanyamazishwa. Hezroni alitoa risasi, akaiweka kwenye kiganja cha Zipora juu ya kile kigogo. "Tazama hapo. Hiyo alama ni nyundo. Ilianguka. Nilivuta ili ilie, shangazi. Mlikuwa mnanicheka, nikataka mnyamaze. Mungu ndiye aliyekataa. Mimi nilikubali."

"Anatania," mtu alisema. "Hezroni, acha utani."

"Hatanii," alisema Aminieli. Alikuwa amepenya hadi mbele, kofia mkononi. "Springi niliiweka mimi. Tuliijaribu korongoni ikalia. Siku ile ililegea, basi. Hapakuwa na akili ya mtu hapo."

Zipora aliendelea kuitazama ile alama. Alipitisha ncha ya kidole juu yake, mara nyingi, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Ulilenga wapi?" aliuliza.

Hezroni akageuka kidogo, akagusa mgongo wake mwenyewe, katikati, chini ya mabega.

Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa.

"Siku ile nilipogeuka niliogopa," alisema Zipora. Hakuwa na ile sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. "Nilikuona machoni, nikaogopa. Halafu nikajiambia, mwanamke mwovu wewe, umemlea mwenyewe halafu unamdhania hivyo. Kila siku tangu hapo nimekuwa nikitubu, Hezroni. Nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe kwa kukudhania vibaya."

Maneno hayo yalimpata pale ambapo kipigo kisingefika. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa jembe. Alifunika uso.

"Na sukari," alisema ndani ya viganja. "Sukari alinipa Mfumwa, kwa sababu nilimwambia nilivuta kweli. Ndiyo niliyokuletea."

Kutoka kundini mtu alitema mate chini. Ikawa kama ruhusa. Sauti zikaanza kupanda. Yule mama wa ndizi alisema kitu, mume wake akasema kikali zaidi. Mzee Naftali akainua fimbo.

"Kizibo atakisimika mwingine," alisema.

"Ndiyo, baba," alisema Hezroni.

"Jina la yule mtoto wazazi wake wataamua wenyewe."

"Ndiyo, baba."

Hezroni aligeuka aende zake. Alikuwa ameshaanza kufikiria njia ya Same, na treni, na mji ambao watu hawamjui.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Naftali.

"Nyumbani."

"Leo ni msaragambo. Tope ni la wote. Aliyekunywa maji haya azoe tope lake."

Basi akashuka. Walijipanga mstari kutoka sakafuni mwa ndiva hadi ukingoni, kila mmoja akipokea kikapu kilichojaa na kukiinua kwa aliye juu yake. Hezroni aliwekwa chini kabisa, pa kujaza. Alizama hadi magotini, akachota, akajaza kikapu cha kwanza, akainuka akakinyoosha. Aliyekuwa juu yake alikuwa amesogea hatua mbili, na wa juu yake naye akasogea, na kati ya Hezroni na watu pakabaki nafasi ambayo mkono haukuweza kuivuka. Walitazama tope.

Alibaki ameshikilia kile kikapu. Maji meusi yalimchuruzika mikononi hadi kwenye viwiko. Mstari mzima ulikuwa umesimama, maana msaragambo haufanyiki ikiwa chini kumekatika, na kila mtu alijua, na kila mtu alingoja mwingine. Hakukishusha.

Kule juu Zipora alimkabidhi mtu kizibo. Ile risasi aliifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Kisha akashuka, akishika bega la huyu na la yule ili asiteleze, mpaka akafika kwenye ile nafasi. Akakanyaga ndani ya tope. Uso wake ulikuwa umeelekea ukuta wa ndiva, macho yake mekundu, na hakumtazama.

Akanyoosha mikono.

"Lete," alisema.